Shusha Pua, Ongeza Nguvu

Ilemela, Mwanza
9 Agosti 2025

Mwanangu Yasmin,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah, na wewe nakuombea uwe mzima kutuzidi. Barua hii nimempa kondakta wa basi la Moshi pamoja na mfuko wa dagaa. Dagaa ule na mwenzako wa chumbani. Barua ni yako peke yako.

Najua utacheka kwamba mama yako anaandika barua wakati simu ipo. Lakini simu yako, Yasmin, haina faida. Nakuuliza, "Masomo vipi?" Unasema, "Safi tu, mama." "Chakula je?" "Safi tu, mama." Juzi nilikuuliza kama mvua imenyesha, ukanijibu safi tu, mama. Tangu ukiwa mdogo mdomo wako unajua kunipitisha pembeni, lakini kalamu haikuruhusu. Ulipovunja kioo cha kabati la bibi yako ulikana mpaka ukalia, na kesho yake nikakuta karatasi chini ya mto wangu, umeandika kila kitu. Kwa hiyo niandikie.

Ninachotaka kujua ni hiki. Unaishikaje ndege? Zinapita juu ya paa letu kila siku zikienda kutua, nilishazizoea kama jogoo wa jirani. Sasa kwa kuwa mwanangu anasomea urubani na yumo ndani ya moja siwezi tena kuziacha zipite hivihivi. Majuzi nimesimama uani na nguo mbichi mkononi mpaka ndege ikapotea nyuma ya majabali. Inajishikilia na nini pale juu? Ikitaka kushuka inafanyaje isianguke?

Baba yako anasema hakuna la ajabu. "Hicho ni kivuko tu, wamekipandisha juu," anasema. "Pua unaielekeza gatini, mwendo unautawala kwa mafuta. Yasmin anajua, nimemfundisha mwenyewe." Unakumbuka alivyokuwa anakuingiza kwenye chumba cha nahodha cha kivuko chake pale Kigongo, anakuwekea kreti la soda usimame juu yake uione Busisi ng'ambo? Abiria wakiuliza, anawaambia huyo ndiye nahodha, mimi msaidizi.

Baba yako hajambo. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe na yeye kustaafu mwezi uleule, wamemchukua palepale darajani, anaangalia angalia mambo yao. Anaondoka asubuhi na kurudi jioni kama zamani. Usiwe na wasiwasi naye.

Usiache sala. Najua alfajiri ya Moshi ina baridi, lakini maji ya moto kwa udhu hayajaharamishwa.

Mama yako,
Mwanaheri


Moshi
17 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na baba pia mpe shikamoo yangu. Dagaa wamefika. Bweni zima limejua wamefika, maana harufu ilitangulia kabla sijafungua mfuko. Modesta, mwenzangu wa chumbani, alisema anafungua dirisha, kisha akarudi na ugali.

Umeuliza ndege inashikwaje. Nakueleza kama alivyonieleza Kapteni Rebeka, mwalimu wangu. Yeye ni mtu wa Bukoba, mwembamba, hapandishi sauti hata siku moja, na ndiyo maana tunamwogopa.

Mimi nakaa kiti cha kushoto. Mkono wa kushoto umeshika usukani. Ukiuvuta, pua ya ndege inainuka. Ukiusukuma, pua inashuka. Mkono wa kulia uko kwenye mpini mweusi wa nguvu. Ukiusukuma ndani injini inanguruma, ukiuvuta inatulia. Basi. Mengine yote ni kuongeza chumvi.

Sasa mtu yeyote angedhani usukani ndio wa kupanda na kushuka, na mpini wa nguvu ndio wa kwenda mbio au polepole. Wala sivyo. Kapteni aliniwekea ndege ikiwa imetulia, pua imekaa sawa, akaniambia, "Usiguse usukani. Ongeza nguvu." Nikaongeza. Nilitegemea tutakimbia. Hatukukimbia, mama. Tulipanda. Mshale wa mwendo ukabaki palepale na ardhi ikaanza kwenda chini. Akaniambia, "Punguza." Nikapunguza, tukaanza kushuka taratibu, na mwendo haukubadilika. Kisha akasema, "Sasa inua pua bila kugusa nguvu." Mwendo ukapungua. "Shusha pua." Mwendo ukaongezeka.

Kwa hiyo, tunapokuja kutua, pua ndiyo inatunza mwendo na nguvu ndiyo inatunza kimo. Na mikono yote miwili inafanya kazi pamoja, maana ukigusa kimoja umekigusa na kingine. Mwambie baba kivuko chake hakikuwa na mambo haya.

Mwezi ujao, inshallah, nitaruka peke yangu, bila mwalimu. Hiyo ndiyo hatua kubwa. Asiyevuka hapo anafungasha anarudi kwao. Lakini mimi naendelea vizuri sana, na Kapteni ameniridhia.

Nimefurahi baba kupata kazi darajani.

Mwanao,
Yasmin


Ilemela
25 Agosti 2025

Mwanangu Yasmin,

Barua yako nimeisoma jikoni, nikaisoma tena uani, halafu nikamsomea baba yako baada ya Isha. Alinisimamisha pale pa pua na mwendo. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akachukua kijiko kutoka kwenye kikombe chake cha chai, akawa anakipandisha na kukishusha hewani, ananguruma kwa mdomo. "Pua ikiinuka inapunguza mwendo," anasema. "Hilo sawa, kama gari kwenye mlima. Lakini nguvu isiongeze mwendo? Haiwezekani. Kaandika kwa haraka." Nikamwambia huyo aliyeandika anapanda ndege, wewe unapanda kijiko. Akakirudisha kijiko kwenye chai.

Sasa sikiliza nilivyofanya, maana furaha ilinizidi. Siku ya darasa letu la akina mama pale msikitini niliwaambia kuwa mwezi ujao mwanangu ataruka peke yake. Mama Faisal akauliza, "Ataruka mpaka wapi?" Mimi nikasema, sasa mtu akiwa peke yake na ndege, ataacha kuja kuwasalimu wazazi wake? Atapita hapa Ilemela, atateremka kidogo tumwone, arudi zake. Mama Faisal akasema, "Akiteremka kidogo amwage na sukari, duka la Nkwabi limefungwa." Wakacheka, lakini nakwambia walifurahi. Tumekubaliana sare ya vitenge vya bluu. Tutasimama juu ya lile jabali la nyuma ya msikiti tunakoanikia mikeka, tukupungie. Kabla ya hapo tutasoma Yasini kwa ajili yako. Nitajie tu tarehe.

Baba yako darajani wanamheshimu sana. Jana kachelewa kurudi, walikuwa na wageni wakamwomba abaki.

Jambo moja tu, mama yako siyo kipofu. Barua yako mwandiko ni mzuri mpaka pale uliposema unaendelea vizuri sana. Hapo herufi zimesimama wima kama askari. Au ni macho yangu?

Mama yako,
Mwanaheri


Moshi
6 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo.

Usinunue vitenge. Kama mmeshanunua, rudisheni. Kuruka peke yangu maana yake ni kupaa hapa Moshi, kuzunguka kiwanja hikihiki mara moja na kutua hapahapa. Hakuna Ilemela. Hakuna kuteremka kidogo. Na pengine hakuna kuruka kabisa, kwa sababu nimeshapimwa mara mbili na nimeshindwa mara mbili. Kipimo cha mwisho ni Alhamisi ya tarehe 18. Nikishindwa hicho, narudi nyumbani na sanduku langu.

Macho yako ni mazima. Nilipokuandikia kile kipande nilikuwa nimetoka kushindwa mara ya kwanza.

Nikueleze kinachonitokea, maana kukieleza najua, kukifanya ndiyo tabu. Kupaa sina shida. Kuzunguka sina shida. Ni pale mwisho, tunapoelekea kutua. Njia ya kutua naiona kule mbele, na mimi nimekuwa chini kidogo kuliko inavyotakiwa. Hapo kichwa kinajua kabisa: tuko chini, shusha pua kidogo, ongeza nguvu. Lakini mkono unavuta usukani. Nainua pua kuielekeza njiani, kama mtu anayenyanyua kidevu aone mbele.

Na kwanza inakudanganya, mama. Inapanda kidogo. Unaona umepata. Kisha mwendo unaanza kupungua, na ndege isiyo na mwendo mabawa yake hayabebi, kwa hiyo inazama kuliko mwanzo. Wewe unaona inazama, unavuta zaidi. Honi ya onyo inalia kama mbuzi. Mara zote mbili Kapteni Rebeka alisema neno moja tu, "Yangu," akachukua usukani, akashusha pua miti ikiwa imejaa kwenye kioo, akasukuma nguvu yote. Tukapona. Tulipotua hakunigombeza. Aliniuliza, "Huo mkono umeutoa wapi?" Nikasema sijui.

Usiku nikajua. Ni mkono wa Kigongo. Elekeza pua gatini, mwendo ni mafuta. Nimesimama juu ya kreti la soda mpaka leo.

Na kuna jambo jingine. Dada yangu Najat alinipigia juzi kuniuliza kama na yeye ashone sare. Nikamwuliza baba anaendeleaje na kazi ya darajani. Akasema, "Kazi gani?" Anasema baba anapanda gari kila asubuhi kwenda Kigongo, anakaa kwenye gati la zamani akiangalia magari yanapita juu ya daraja, na jioni anarudi. Anasema Mashimba, yule wa karakana ya injini za boti pale Igoma, ameshakuja nyumbani kumwita wafanye kazi pamoja, na baba akamjibu nahodha hawezi kuwa fundi wa mtu.

Kwa hiyo mimi nilikuficha na wewe ulinificha. Mimi nilikuficha ili usihuzunike. Wewe ulitaka nini, mama? Uliniinua juu kuliko ndege yenyewe, na baba ukampa kazi ya hewa. Sasa niko huku nasomewa Yasini na watu ambao wananisubiri juu ya jabali.

Nimeandika kwa hasira, nisamehe. Lakini uliitaka kalamu.

Yasmin


Ilemela
10 Septemba 2025

Mwanangu Yasmin,

Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa karatasi. Na mimi unisamehe.

Nilipoisoma barua yako niliiweka chini ya mkeka wa sala nikaendelea na kazi. Nimekaanga, nimefagia, nimefua hata nguo zisizo chafu. Lakini kila nikisujudu naisikia inachakacha chini ya paji la uso. Ikabidi niitoe niisome vizuri, na pale ulipoandika kwanza inakudanganya, inapanda kidogo, nikakaa chini kabisa.

Ni mimi huyo, Yasmin. Baba yako alipostaafu nyumba ilianza kuzama. Hasemi, hali, anajibu kama mtu aliye chumba cha pili. Mimi badala ya kumwambia Salum, amka, nikainua pua. Nikawaambia majirani kapata kazi. Siku mbili tatu tukajisikia vizuri, watu wanamsalimia, anajibu. Kisha ikabidi niongeze wageni, na heshima, na sijui nini, huku yeye anazidi kuzama. Ndipo nikakuchukua wewe nikakuweka juu ya jabali. Nilitaka kwetu pawe na kitu kinachopaa.

Basi jana nilikwenda darasani mapema. Nilisema nao kabla ustadhi hajaingia. Nikasema, akina mama, niliwaambia mwanangu atapita hapa. Hatapita. Atazunguka Moshi, tena kama atafaulu, maana ameshashindwa mara mbili. Na mume wangu hana kazi darajani, anakwenda kukaa. Nikasema yote hayo nimesimama, ncha ya kitambaa cha kichwa nimeishika, nikangoja.

Mama Faisal ndiye wa kwanza. "Mwanaheri," akasema, "kazi ya darajani tulijua. Faisal anapita pale kila wiki na mzigo, anampungia. Tulikuwa tunakusubiri wewe ujue kwamba tunajua."

Nilitamani jabali linimeze.

Akauliza, "Sasa huyo mtoto anashindwa nini hasa?" Nikawaeleza kama ulivyonieleza, nikatumia kiatu kuwa ndege. Akiwa chini anainua pua, wakati anatakiwa kuishusha kidogo na kuongeza nguvu. Bi Hamida, yule asiyesikia vizuri, akasema hiyo haina akili, unaanguka halafu unashusha pua? Nikamwambia ndivyo ilivyo. Mwendo kwanza, ndipo upande. Akatikisa kichwa, akasema basi tumwombee hilohilo. Dua yetu tumeibadilisha. Mama Faisal aliitikia kwa sauti, "Ewe Mola, mshushe pua Yasmin," na ustadhi ndiyo anaingia. Akatutazama. Akauliza huyo Yasmin amewakosea nini. Ilichukua muda kumwelewesha.

Vitenge vimeshashonwa. Tutavivaa kwenye maulidi ya msikiti wetu.

Nilirudi nyumbani nikamkuta baba yako amekaa na redio haijawashwa. Nikamwambia, nimewaambia watu ukweli. Akasema, "Ukweli upi?" Nikasema wote. Nikamsomea barua yako, yote, hata pale pa kreti la soda, na pale pa Mashimba. Sikuruka neno. Alipomaliza kusikia alitoka nje akasimama uani. Ndege ya jioni ikapita. Akaiangalia mpaka ikashuka. Aliporudi akaniomba kalamu.

Karatasi yake iko humu ndani. Sijaisoma, alinikatalia.

Alhamisi tarehe 18 nitafunga. Wewe usifunge, kula ushibe, shika mikono yako.

Mama yako,
Mwanaheri


Ilemela, tarehe 10

Yasmin,

Hujambo mwanangu. Mimi si mwandishi, mama yako ndiye.

Nimekuwa naangalia ndege zinavyoshuka hapa. Kweli haziielekezi pua pale zinapokwenda. Zinakuja zimeikaza pua mahali pamoja na zinateremka zenyewe. Sikuwahi kuona, miaka yote nimeishi chini yake.

Nilichokufundisha ni cha majini. Kivuko kikisimama, maji yanakibeba. Injini ikizima unatupa nanga, unaita wenzako kwa redio, unangoja, abiria wanakula mihogo. Ndiyo maana nahodha anaweza kutazama gati tu. Wewe kinachokubeba ni mwendo wako mwenyewe. Ukiupoteza hakuna kitu chini yako. Hilo mimi sikulijua na sikuwa na namna ya kukufundisha.

Kwa hiyo ule mkono niliokupa uache Kigongo. Uliendesha vizuri pale na umemaliza zamu yako. Hata kivuko chenyewe kimeondolewa. Shuka kwenye kreti, mama. Msikilize mwalimu wako.

Kesho nakwenda Igoma kumwona Mashimba.

Baba yako,
Salum


Moshi
20 Septemba 2025

Mama, baba, shikamooni.

Mama ulinikatia simu. Nimepiga juzi mara baada ya kutoka uwanjani, nikasema "Mama," ukasema, "Usiniambie, niandikie," ukakata. Nikapiga kwa baba, akapokea, nikasikia wewe unamnyang'anya. Modesta alicheka mpaka akakaa chini. Haya, naandika. Lakini baba msomee wa kwanza, maana kwa siku hizi mbili najua hamjalala.

Alhamisi asubuhi palikuwa na upepo kidogo na mlima ulikuwa umefunikwa. Nilikula kama ulivyosema. Kapteni Rebeka alikaa kiti cha kulia na ubao wake wa kuandikia, tukazunguka naye mara tatu. Mzunguko wa kwanza nilikuja juu sana. Wa pili, sawa. Wa tatu, tukiwa tunakuja kutua, tukawa chini, palepale penye tatizo langu. Nikauona mkono wa kushoto unaanza kuvuta. Niliuona kama wa mtu mwingine. Nikasema kwa sauti, bila kujijua, "Shuka kwenye kreti." Nikashusha pua kidogo tu, mkono wa kulia nikasukuma nguvu.

Baba, inatisha. Unaiona ardhi, na unaielekea kwa hiari yako. Lakini mshale wa mwendo ukarudi mahali pake, injini ikanguruma, na ndege ikaacha kuzama. Ikawa kama imewekewa sakafu. Njia ya kutua ikarudi pale inapotakiwa kuwa kwenye kioo. Tukatua.

Kapteni akauliza, "Kreti gani?" Nikamwambia la soda. Hakuuliza zaidi. Akasema nisimamishe ndege pembeni. Nikajua basi, nimefukuzwa. Akafungua mlango injini ikiwa inawaka, akateremka na ubao wake, akafunga mkanda wa kile kiti usiniingilie kwenye usukani. Akainama akaniambia, "Bila mimi itakuwa nyepesi, itapanda haraka. Usishangae. Zunguka mara moja, urudi." Akapiga mlango kofi, akaondoka kwenda kusimama kwenye nyasi.

Nilisoma dua ya safari. Sauti yangu nilikuwa naisikia mwenyewe kwenye vipokea sauti. Kisha nikasukuma nguvu.

Ni kweli, ilipanda kama imeachiwa. Nikageuka, nikakitazama kile kiti. Hakuna mtu. Hakuna wa kusema "Yangu." Niliogopa, mama, sitakuficha. Lakini mikono ilikuwa na kazi, na kazi ikanisaidia. Niliporudi kutua nikawa chini tena kidogo, upepo ulinisukuma. Safari hii mkono wa kushoto haukuvuta. Ulitulia, ukangoja mkono wa kulia ufanye kazi yake. Magurudumu yaligusa, yakaruka kidogo, yakagusa tena. Siyo kutua kwa kujivunia, lakini ni kwangu.

Kapteni alinipa mkono. Akasema, "Sasa umeanza." Wenzangu walinimwagia ndoo ya maji, ndiyo desturi yao hapa, na maji ya Moshi mnayajua yalivyo baridi. Mama Faisal mwambie pua ilishuka.

Sasa nina miezi mingi mbele, na mitihani, na ndege za kuruka usiku. Nayaogopa yote na nayataka yote. Baadaye kuna safari ndefu, mwanafunzi anaruka na mwalimu wake kutoka mkoa hadi mkoa. Kapteni ameniuliza ningependa kwenda wapi, nikamwambia Mwanza. Akasema tutaona. Nikijua tarehe nitawaambia.

Mwanenu,
Yasmin


Ilemela
27 Septemba 2025

Mwanangu Yasmin,

Alhamdulillah, na tena alhamdulillah.

Barua yako niliisoma darasani mbele ya wote, ustadhi akiwepo. Nilipofika pale pa kiti kitupu, Bi Hamida akaomba nipaze sauti, na nilipopaza ikakatika, Mama Faisal akanipokonya karatasi akamalizia yeye. Anasoma vibaya, lakini alisoma. Alipofika kwenye jina lake akalirudia mara mbili.

Baba yako nilimsomea kwanza, kama ulivyoagiza. Nilimfuata Igoma, maana hawezi tena kukutwa nyumbani mchana. Nilimkuta amelala chali chini ya injini ya boti, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikasoma nimesimama juu ya miguu. Mashimba akazima mashine. Nilipomaliza, sauti ikatoka kule chini, "Aligusa, akaruka, akagusa tena?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi pale Kigongo nilishawahi kugonga gati mpaka mbuzi wa watu wakaanguka majini." Hajawahi kuniambia hilo. Kisha akaomba spana, na sauti yake haikuwa nzuri, Mashimba akajifanya anatafuta spana kwa muda mrefu.

Kazi yenyewe bado haijatulia. Kuna siku anarudi amekasirika kwamba wale vijana wanamfundisha kushika nyundo. Lakini anakula, na usiku anaongea. Kwenda Kigongo ameacha. Juzi tu alipita na Mashimba wakijaribu injini, wakapita chini ya daraja. Anasema kwa chini ni kubwa, na si baya.

Sasa hilo la safari ndefu ya kuja Mwanza. Nimefikiri sana, na naomba kitu kimoja. Usiniambie tarehe. Mimi ni mdhaifu, nitakaa nayo mpaka Ijumaa halafu nitaipandisha juu ya jabali pamoja na vitenge. Wewe njoo siku utakayokuja. Shika mikono yako, sikiliza mwalimu wako, usiteremke kidogo kwa ajili yangu wala ya mtu yeyote.

Ndege hapa zinapita nyingi, asubuhi, mchana na jioni. Nitakuwa uani kama kawaida yangu, na nguo mkononi. Nitazipungia zote.

Mama yako,
Mwanaheri